Daftari la Mweka Hazina

Alhamisi, saa kumi na nusu, jua bado lina meno.
Naandika: Chengo, hamsini. Mwakamba, hamsini.
Bwanakombo, ishirini na ahadi.
Nyamawi, sufuri. Tena sufuri.
Nyamawi hulipa kwa mguu wa kushoto.

Chuo hakitujui. Kwenye bajeti ya michezo
tuko chini ya mstari wa mwisho,
pale karatasi inapobaki nyeupe.
"Klabu ni hiari," alisema msimamizi wa wanafunzi,
akafunga droo, ufunguo ukalia.
Basi tukahiari.
Mipira miwili: mmoja mzima,
wa pili umeshonwa na fundi viatu wa Makupa
kwa uzi mweusi; ukidunda huenda upande,
nasi tumeujua upande wake.
Jezi tulipewa na duka la simu Kongowea.
TUNATENGENEZA SKRINI, yasema migongo yote,
hata wangu mimi kipa, ninayepasuka kila wiki.

Uwanja wetu wa Tudor umeinamia hori.
Kipindi cha kwanza twapanda, cha pili twateremka,
na mpira ukiingia mikokoni
aliyeupiga ndiye anayeufuata,
matope magotini, kaa wakimpungia magando.

Nyuma ya ukuta ndiko iliko timu ya chuo.
Wana nyasi. Wana basi lenye jina ubavuni,
kuponi za chakula, daktari na kasha lake la barafu.
Barafu yetu ni ya Mwanasiti, ya ukwaju:
zisizonunuliwa twafungia enka,
na nimeona mguu wa Chengo ukigombewa na nzi.

Sikumwona alipofika. Niliona mabega ya wenzangu
yakinyooka, kama darasa akiingia mkaguzi.
Kocha Mwadime, wa huko ukutani,
kasimama kando ya karai la viazi,
anakula. Hana kalamu, hana kipenga.
Chengo, maskini, akaanza danadana pasipo haja.
Bwanakombo akaomba pasi kwa Kiingereza.
Nyamawi hakubadilika.
Alimpokonya mtu mpira kama anayeokota kitu chake,
akainua kichwa, akakata krosi ndefu,
kwa ule ule wa uzi mweusi,
keshauhesabia upande.
Kocha akafuta pilipili vidoleni.

Jumatatu Nyamawi hakuja.

Mwezi uliofuata wakatuita, mechi ya mazoezi.
Tulijua tumeitiwa nini:
ukuta wa kupigia mpira, ila wenye majina.
Akanijia na jezi yenye jina lake, herufi zote zipo,
na mimi, kwa mazoea, wallahi kwa mazoea,
nikapiga ukelele: "Nyamawi, rudi! Rudi uzibe!"
Akageuka.
Nusu ya pumzi akalitazama lile pengo la kushoto,
kwetu, lilivyo wazi hadi leo.
Kisha akakumbuka,
akanifunga chini ya mkono.
Hakushangilia. Aliuokota mwenyewe wavuni
akanitia mikononi, kama chenji.

Usiku nikafungua daftari.
Mwakamba nimempiga mstari: karo.
Chengo mstari: goti.
Nyamawi, mia tatu na hamsini.
Rula nilikuwa nayo mkononi.
Dawa ya deni kulipa, wasema watu.
Hili sitaki lipone.

Alhamisi tena. Kijana wa mwaka wa kwanza,
viatu vya shule, sarafu tano za kumi
zimeloa jasho kiganjani.
"Ati hii ndiyo njia ya kuingia timu ya chuo?"
Mwanasiti akacheka. Mimi nikatazama ukuta,
kisha mteremko, kisha mikoko.
"Hii ni klabu," nikamwambia. "Andika jina.
Na ukiupiga majini,
unaufuata mwenyewe."